Kwa Nini Umri wa Kuishi wa Wanawake wa Denmark Ulikwama, Kisha Ukapanda Tena

Na Mwandishi Wetu

Mtoto wa kike aliyezaliwa Denmark mwaka 1980 alikadiriwa kuishi kwa wastani wa miaka 77 na miezi michache. Aliyezaliwa miaka 15 baadaye, mwaka 1995, alikadiriwa kuishi kwa wastani ambao haukufika miaka 78. Katika kipindi chote hicho nchi hiyo ya kaskazini mwa Ulaya haikuwa na vita wala njaa. Matibabu yaligharimiwa kwa fedha za kodi, wajawazito walihudumiwa na wakunga wenye mafunzo, na wanawake wengi walikuwa na elimu na ajira. Pamoja na hayo yote, umri wa kuishi wa wanawake ulikuwa umesimama.

Nchi jirani hazikusimama. Kufikia mwaka 1995, wastani wa wanawake wa Sweden ulikuwa umepita miaka 81. Wanawake wa Denmark, ambao katika miaka ya 1950 walikuwa karibu na kilele cha orodha ya dunia, walijikuta karibu na mkia miongoni mwa nchi za Ulaya Magharibi. Baada ya hapo, wastani wao ulianza kupanda tena na haujakwama kwa muda mrefu namna hiyo tangu wakati huo.

Makala haya yanaeleza jinsi takwimu ya umri wa kuishi inavyopatikana, sababu iliyoifanya ikwame Denmark, na kwa nini jibu lake lilichukua muda mrefu kupatikana. Kwa mwananchi anayefuatilia taarifa za takwimu zinazotolewa na mamlaka mbalimbali, mfano huu unaonyesha kuwa namba moja inaweza kuwa sahihi na bado isieleweke.

Takwimu hii hupatikanaje?

Ofisi ya takwimu haiwezi kumfuata mtoto aliyezaliwa leo hadi siku ya kifo chake ndipo itangaze umri wake. Inachofanya ni kuchukua vifo vya mwaka mmoja na kuvipanga kwa umri: ni wangapi kati ya watoto wachanga walifariki, wangapi kati ya wanawake wa miaka 30, wangapi kati ya wale wa miaka 60, na kuendelea hadi uzee wa mwisho. Kisha huchukuliwa kundi la watoto wa kike 100,000 wa kufikirika, ambao hupitishwa katika ngazi hizo zote za umri, kila ngazi ikiwapunguza kwa kiwango cha vifo kilichoonekana mwaka huo. Wastani wa miaka ambayo kundi hilo lingeishi ndio huitwa wastani wa umri wa kuishi.

Kutokana na njia hiyo, mambo mawili yanafaa kuzingatiwa. Kwanza, takwimu hii si utabiri wa maisha ya mtoto aliyezaliwa mwaka husika. Inaeleza angeishi miaka mingapi iwapo, katika kila umri atakaoufikia, angekutana na hatari zilezile zilizowakuta watu wa umri huo mwaka aliozaliwa. Pili, takwimu ya mwaka mmoja hukusanya vizazi vingi kwa wakati mmoja. Kiwango cha vifo cha umri wa miaka 20 hutoka kwa wasichana, na kile cha umri wa miaka 70 hutoka kwa bibi zao, ambao walikulia katika mazingira tofauti kabisa.

Katika nchi ambayo vifo vya watoto wachanga vimepungua sana, kama ilivyokuwa Denmark mwaka 1980, sehemu kubwa ya mabadiliko ya wastani huu hutegemea wanawake wa umri wa makamo na wazee. Hivyo, namba iliyotangazwa kwa jina la mtoto mchanga ilikuwa ikieleza zaidi hali ya bibi yake.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2002, watafiti Jim Oeppen na James Vaupel walionyesha kwamba tangu mwaka 1840, wastani wa nchi inayoongoza duniani kwa umri wa kuishi wa wanawake umekuwa ukipanda kwa takriban miezi mitatu kila mwaka. Kwa mwendo huo, miaka 15 huleta nyongeza inayokaribia miaka minne. Wanawake wa Denmark kati ya mwaka 1980 na 1995 hawakupata nyongeza ya hata mwaka mmoja.

Aidha, kulikuwa na dalili nyingine iliyoweza kumpotosha msomaji. Tofauti ya umri wa kuishi kati ya wanawake na wanaume wa Denmark ilipungua katika kipindi hicho, kutoka takriban miaka sita hadi takriban mitano. Kwa haraka ingeweza kudhaniwa kuwa ni habari njema ya usawa. Ukweli ni kwamba wanaume walikuwa wanasogea mbele polepole huku wanawake wakiwa wamesimama.

Suala hilo lilifika serikalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya ya Denmark iliunda kamati maalumu ya kuchunguza umri wa kuishi wa wananchi, iliyotoa taarifa zake katika miaka iliyofuata. Maswali yaliyoulizwa ndiyo ambayo mtu yeyote angeanza nayo. Je, huduma za hospitali zimedorora? Je, wanawake wanaelemewa na kazi za ofisini na viwandani pamoja na zile za nyumbani? Je, ni pombe, lishe, au tofauti za kipato? Je, ni uvutaji wa sigara?

Kila swali lilikuwa na msingi, na baadhi ya mambo hayo kweli yana mchango wake katika afya. Ugumu ulikuwa kutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni hali mbaya ya wakati, ambayo huwagusa watu wa umri wote wanaoishi katika miaka hiyo. La pili ni hali mbaya ya kizazi, ambayo kundi la watu waliozaliwa miaka fulani hutembea nayo popote umri wao unapofika.

Kizazi cha mwaka 1915 hadi 1945

Tafiti zilizofuata zilielekeza kidole kwenye hali ya pili. Mwaka 2002, Rune Jacobsen, Niels Keiding na Elsebeth Lynge walichapisha uchambuzi wa mienendo ya muda mrefu ya vifo vya wanawake wa Denmark, ulioonyesha kuwa waliozaliwa katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia walikuwa na vifo vingi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2016, mtafiti huyo, wakati huo akiandika kwa jina la Rune Lindahl-Jacobsen, pamoja na wenzake akiwemo Vaupel, walitoa jibu lililo wazi zaidi.

Njia waliyotumia inaeleweka hata bila hesabu. Walichukua jedwali la vifo vya wanawake wa Denmark, wakawaondoa wale waliozaliwa kati ya mwaka 1915 na 1945, na mahali pao wakaweka viwango vya wanawake wa Sweden waliozaliwa miaka hiyohiyo. Vizazi vingine vyote vya Denmark viliachwa kama vilivyo. Sweden ilifaa kwa ulinganisho huo kwa kuwa ni jirani wa karibu, yenye hali ya maisha na mfumo wa afya unaofanana na wa Denmark.

Katika hali halisi, tofauti ya umri wa kuishi kati ya wanawake wa nchi hizo mbili iliongezeka hadi kufikia miaka 3.5 katika kipindi cha mwaka 1975 hadi 2000. Baada ya kubadilisha kizazi hicho kimoja tu, tofauti ilibaki ndogo na karibu isiyobadilika kwa kipindi chote. Kwa maneno mengine, kukwama kulitoweka. Kama chanzo kingekuwa hospitali za Denmark za miaka ya 1980, basi wasichana na wanawake wa umri mwingine waliotibiwa katika hospitali hizohizo nao wangeachwa nyuma na wenzao wa Sweden kwa kiasi hichohicho. Haikuwa hivyo.

Hesabu ya umri inathibitisha jambo hilo. Mwaka 1970, wanawake wa kizazi hicho walikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 55. Wengi bado walikuwa na nguvu zao na athari haikuonekana sana katika wastani wa Taifa. Mwaka 1990 walikuwa na umri wa kati ya miaka 45 na 75, yaani walijaza ngazi ambazo maradhi ya utu uzima huanza kuchukua watu wengi. Mwaka 2010 wadogo wao walikuwa na miaka 65 na wakubwa wao 95. Kadiri walivyopungua, ndivyo wastani ulivyopanda.

Sigara, na deni linalolipwa baadaye

Ni nini kilichowatofautisha wanawake hao na mama zao, mabinti zao na wenzao wa Sweden? Sababu kuu inayotajwa na watafiti ni uvutaji wa sigara.

Wakubwa wa kizazi hicho walizaliwa mwaka ambao Katiba mpya, iliyotiwa saini tarehe 5 Juni 1915, iliwapa wanawake wa Denmark haki ya kupiga kura za Bunge. Wadogo wao walizaliwa mwaka 1945, nchi ilipokombolewa kutoka katika uvamizi wa Ujerumani. Walikua wakiona milango ya shule, ofisi na mabaraza ikifunguka. Sigara, ambayo kwa bibi zao ilikuwa aibu kwa mwanamke, kwao ikawa jambo la kawaida mezani, kazini na katika sherehe. Kampuni za tumbaku ziliutambua mwelekeo huo na kuutumia katika matangazo, zikiiweka sigara mkononi mwa mwanamke wa kisasa. Katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanawake takriban wanne kati ya kumi nchini Denmark walikuwa wakivuta. Wanawake wa Sweden hawakufikia kiwango hicho katika miaka hiyo.

Isieleweke kwamba uhuru wa wanawake ndio uliowaua. Haki ya kupiga kura haina sumu. Kilichodhuru ni bidhaa iliyouzwa kwa jina la uhuru, katika wakati ambao madhara yake hayakuwa yamefahamika vyema. Utafiti maarufu wa Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza, uliohusisha sigara na saratani ya mapafu, ulichapishwa mwaka 1950. Wakati huo wakubwa wa kizazi hicho walikuwa na miaka 35, na wengi walikwisha kuzoea.

Tumbaku haiui mara moja. Saratani ya mapafu, ugonjwa sugu unaoziba njia za hewa na maradhi ya moyo na mishipa huchukua miongo kadhaa kujitokeza. Mwaka 1994, Alan Lopez, Neil Collishaw na Tapani Piha walieleza janga la tumbaku katika hatua nne. Wanaume huanza kuvuta kwanza. Wanawake hufuata baada ya miongo kadhaa. Na vifo huongezeka takriban miaka 30 hadi 40 baada ya uvutaji kushamiri. Kwa hiyo, katika hatua ya mwanzo, uvutaji unaweza kuwa juu sana wakati vifo bado ni vichache, na baadaye vifo vikawa juu sana wakati uvutaji umeanza kupungua. Ndiyo maana wanawake wa Denmark walikuwa wakifariki kwa wingi katika miaka ambayo wananchi wengi walikuwa tayari wanaacha sigara.

Vilevile, uchunguzi wa muda mrefu wa maradhi ya moyo uliofanyika katika jiji la Copenhagen kuanzia mwaka 1976 uliwawezesha watafiti kulinganisha madhara kwa jinsia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 na Eva Prescott na wenzake yalionyesha kuwa sigara iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo kwa wanawake kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanaume. Dhana kwamba maradhi ya moyo ni ya wanaume haikuwasaidia wanawake hao.

Hatua za Serikali na kupanda upya

Serikali ya Denmark ilichukua hatua kadhaa. Mwaka 1999 ilitangaza mpango wa afya ya jamii wa miaka kumi, ambao miongoni mwa malengo yake ulikuwa kurefusha maisha ya wananchi na kupunguza uvutaji. Mpango wa kwanza wa Taifa wa kukabiliana na saratani ulifuata mwaka 2000. Uchunguzi wa mapema wa saratani ya matiti, ulioanza Copenhagen mwaka 1991, ulienezwa baadaye nchi nzima kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69. Tarehe 15 Agosti 2007 ilianza kutumika sheria inayozuia uvutaji katika maeneo ya kazi na sehemu za umma zilizo ndani ya majengo. Mwaka 2020 bei ya pakiti ya sigara ilipandishwa kwa kodi kwa kiwango kikubwa.

Wastani wa umri wa kuishi wa wanawake ulifika miaka 79 karibu na mwaka 2000, ukavuka miaka 81 mwaka 2010 na kupita miaka 83 mwaka 2019. Pengo na Sweden limepungua hadi kuwa zaidi kidogo ya mwaka mmoja.

Hata hivyo, kupanda huko kunapaswa kusomwa kwa uangalifu uleule. Matibabu bora ya moyo na saratani yamesaidia, na wanaoanza kuvuta wamepungua. Lakini sehemu ya mafanikio hayo imetokana na jambo zito zaidi: kizazi kilichoelemewa kimekuwa kikiondoka duniani, na nafasi yake katika jedwali inachukuliwa na wanawake waliovuta kidogo. Wastani uliopanda hauwarudishi mama na bibi waliokufa wakiwa na miaka 62 au 68, ambao wenzao wa ng'ambo ya mlango wa bahari wa Øresund walikuwa bado wanalea wajukuu.

Namba inayoamua umri wa kustaafu

Suala hili si la wataalamu peke yao. Tangu makubaliano ya kisiasa ya mwaka 2006, umri wa kupata pensheni ya Serikali nchini Denmark umefungamanishwa na umri wa kuishi: watu wakiishi zaidi, umri wa kustaafu husogezwa mbele. Umefikia miaka 67, na Mei 2025 Bunge la nchi hiyo lilipitisha umri wa miaka 70 kuanzia mwaka 2040.

Mpangaji ambaye mwaka 1995 angechukua mstari uliolala na kuurefusha hadi mwaka 2020 angekosea kwa zaidi ya miaka mitano. Angepanga fedha chache kuliko zinazohitajika kwa pensheni na matunzo ya wazee. Ambaye angetazama vizazi angejua kwamba kukwama kulikuwa na mwisho, kwa sababu waliokuwa nyuma ya kizazi hicho walikuwa na afya bora kuliko wao. Aidha, wastani wa Taifa hauonyeshi tofauti za ndani. Nchini Denmark, kama kwingineko, wanawake wenye kipato na elimu ya chini huishi miaka michache kuliko wenzao wenye kipato cha juu, na wote hutangaziwa umri mmoja wa kustaafu.

Tunajifunza nini?

Nchini Tanzania, wastani wa umri wa kuishi hutajwa katika taarifa za Sensa ya Watu na Makazi, katika hotuba za bajeti na katika mipango ya maendeleo. Mwananchi anaposikia namba hiyo, anaweza kujiuliza maswali matatu. Je, ni ya mwaka gani? Je, mabadiliko yametokea katika umri upi: kwa watoto wachanga, kwa wajawazito, au kwa wazee? Na je, wanaofariki leo walikulia katika mazingira gani? Kwetu, sehemu kubwa ya nyongeza ya miongo ya karibuni imetokana na kupungua kwa vifo vya watoto na matibabu ya Virusi Vya UKIMWI, hivyo simulizi yetu si ya Denmark. Njia ya kuisoma namba ni ileile.

Kuhusu tumbaku, Tanzania ilitunga Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003 na kuridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007. Idadi ya wanawake wa Kitanzania wanaovuta sigara ni ndogo. Kwa mujibu wa maelezo ya hatua nne yaliyotajwa hapo juu, hali ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa Denmark kabla ya kizazi cha mwaka 1915 kufikia utu uzima. Ni nafasi ambayo nchi nyingi za Ulaya hazikupewa, kwa kuwa ushahidi ulifika baada ya watu kuzoea. Sisi ushahidi tunao mapema. Sigara, shisha na bidhaa mpya za nikotini zinazotangazwa kwa vijana wa kike hivi sasa hazitaonekana katika takwimu za vifo za mwaka huu wala za mwaka ujao.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Katika jedwali la vifo la Denmark, usemi huo unaweza kusomwa kwa tarakimu: maamuzi ya wasichana wa miaka ya 1940 na 1950 yalihesabiwa katika miaka ya 1980 na 1990. Binti wa Kitanzania mwenye miaka 18 leo atakuwa na miaka 58 ifikapo takriban mwaka 2065. Namba itakayotangazwa mwaka huo inaanza kuandikwa sasa, katika maduka yanayomuuzia, katika sheria zinazosimamiwa au kupuuzwa, na katika yale anayoyaona nyumbani kwake.